Homa ya ini B: dawa ipo, hesabu ipo, daftari liko wapi?

Leo naweka kando habari za Linux na seva zilizolala. Leo nataka kugombana. Nitagombana na serikali ya kaunti, nitagombana na wafadhili, na zaidi nitagombana na sisi wenyewe tunaojiita waandika programu kwenye ukanda huu wa Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi. Mada ni homa ya ini B, ile ambayo madaktari huiita hepatitisi B. Kama unadhani ugonjwa hauhusiani na kompyuta, nivumilie aya chache. Utaona kwamba hili ni tatizo la data kabla hata halijawa tatizo la dawa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana mitaani yamechanganyika. Homa ya ini na homa ya manjano ni vitu viwili. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya ini B huletwa na kirusi kinachokaa ndani ya ini, na hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haipiti kwa kula sinia moja, wala kwa kikombe cha kahawa pale barazani, wala kwa kupeana mkono. Mimi si daktari, lakini haya yameandikwa wazi na Shirika la Afya Duniani, WHO, na yeyote anaweza kuyasoma.

Kinachoufanya ugonjwa huu uwe mgumu ni umri wa kuambukizwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa siku ya kuzaliwa, mambo hugeuka: hadi 90 kati ya 100 hubaki nacho maisha yao yote. Na watakua nacho bila dalili. Watacheza mpira, watamaliza shule, wataendesha bodaboda, wataoa na kuolewa. Wengi hawatapata shida kubwa kamwe, lakini WHO inakadiria kwamba kati ya watu wazima 100 wenye maambukizi ya kudumu, 20 hadi 30 wataishia kupata makovu makubwa ya ini au saratani ya ini. Ndipo tumbo hujaa maji, macho hugeuka manjano, na familia huanza kuzunguka huku na huko ikiuliza ni nani amemtupia. Hakutupiwa kitu. Alikuwa na ugonjwa unaopimwa kwa tone la damu, miaka yote ile.

Sasa takwimu, na hizi ni za ripoti ya WHO ya mwaka 2024. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Katika kanda ya Afrika, waliokuwa wamepimwa na kujulikana ni asilimia 4.2 tu ya wenye maambukizi. Waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 0.2. Isome tena polepole. Watu wawili kati ya kila elfu moja. Na si kwamba Afrika ina wagonjwa wachache: kanda hiyo hiyo ndiyo yenye asilimia 63 ya maambukizi mapya ya dunia nzima.

Ukimwonyesha mwandika programu namba kama hiyo, jambo la kwanza atakalouliza ni: data inapotelea wapi? Basi tuifuate.

Hapa kwetu pwani mtu hujua ana homa ya ini B kupitia milango mitatu hasa. Mlango wa kwanza ni kuchangia damu. Nchini Kenya kila chupa ya damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla haijapewa mgonjwa. Vijana wa sekondari wanapanga foleni, wanatoa damu, wanapewa soda na biskuti. Damu yenye kirusi inatupwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mwenye damu je?

Mlango wa pili ni safari ya Ghuba. Kila mtu hapa ana dada, binamu au jirani aliyetafuta kazi Saudia, Dubai au Qatar. Kabla ya viza lazima upimwe afya, na homa ya ini B ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mtu aandikiwe "hafai". Msichana ameuza mbuzi, amelipa wakala, amelipia pasipoti, halafu anapewa karatasi yenye neno hilo moja. Wakala anamwambia pole. Anapanda matatu anarudi nyumbani. Hiyo karatasi inaishia chini ya godoro, na kwa upande wa mfumo wa afya, msichana yule hajawahi kupimwa.

Mlango wa tatu ni kliniki ya wajawazito. Virusi vya Ukimwi na kaswende sasa hupimwa pamoja kwa kifaa kimoja chenye tone moja la damu, na ni jambo jema sana. WHO kwa miaka kadhaa imekuwa ikihimiza magonjwa matatu yakabiliwe pamoja kliniki: Ukimwi, kaswende na homa ya ini B. Mama akikutwa na hii ya tatu, mtoto wake anahitaji kulindwa ndani ya saa 24 za kwanza za maisha. Saa 24! Hapo hakuna muda wa kutafuta faili.

Milango mitatu. Ukiniuliza hatua inayofuata baada ya kila mlango, nitakujibu kama mtu wa kompyuta: hakuna safu iliyoandikwa. Jibu la kipimo limetoka, limetamkwa, limepotea. Hakuna mahali penye jina, namba ya simu, kijiji, na tarehe ya kurudi.

Mtu wa wizara atanipinga papo hapo. Atasema, kijana, sisi tuna mfumo. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuweka mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 kwenye intaneti kwa nchi nzima, mwaka 2011. Ni kweli, na nimewahi kuusifia. Lakini mfumo huo hujengwa juu ya jumla. Kituo cha afya hujumlisha mwisho wa mwezi: wamepimwa kadhaa, wamekutwa kadhaa. Jumla inamfaa anayepanga bajeti. Jumla haimpigii mtu simu. Huwezi kuiuliza jumla, "yule mama wa Ganda aliyepimwa Machi, amerudi?" Jumla haimjui mama wa Ganda.

Na homa ya ini B, kuliko maradhi mengi, ni ugonjwa wa kukumbukwa. Malaria ukiipima unaitibu wiki hiyo hiyo, umemaliza. Homa ya ini B, wengi wanaokutwa nayo hawahitaji kidonge leo. Wanahitaji mtu awaangalie kila miezi sita au kila mwaka, apime ini, alinganishe na mara iliyopita, na siku mambo yakibadilika awaanzishie dawa. Hiyo ni kazi ya miaka thelathini. Muuguzi atahamishwa, daktari ataenda kusoma Nairobi, gavana atabadilika mara kadhaa. Kitu pekee kinachoweza kukumbuka kwa miaka thelathini ni daftari zuri, liwe la karatasi au la kompyuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili linatokea Kilifi. Kama ingekuwa mahali pengine ningenyamaza. Kilifi ndiyo makao ya kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989. Tangu mwaka 2000 kituo hicho kimekuwa kikifuatilia wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka mji wa Kilifi, zaidi ya watu robo milioni. Wahudumu hupita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi michache, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Kila mtu ana namba yake, na namba hiyo imeunganishwa na rekodi za wanaolazwa hospitali ya Kilifi. Kwa mtu anayependa hifadhidata, hii ni kazi ya kuvua kofia. Ni moja ya kumbukumbu bora za watu vijijini barani Afrika, na iko hapa, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi.

Na tumeshaona matunda yake. Mwezi Novemba 2001 Kenya ilianza kutoa chanjo ya mchanganyiko wa kinga tano katika sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, bakteria wa Hib, na homa ya ini B. Watafiti wa Kilifi walikuwa wakihesabu watoto wanaoletwa na maambukizi makali ya Hib kabla na baada ya chanjo hiyo, na mwaka 2006 walichapisha kwamba yalikuwa yamepungua kwa asilimia 88 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Asilimia 88, katika miaka michache! Matokeo hayo yalinukuliwa dunia nzima.

Angalieni sasa. Sindano ni ile ile. Kichupa ni kile kile. Kinga ya homa ya ini B ilikuwa imo ndani. Hib ilipata sifa yake kwa sababu mtoto mwenye Hib huugua leo na kufika wodini leo, na pale wodini kulikuwa na mtu wa kumwandika. Homa ya ini B hukaa kimya miaka thelathini, kwa hiyo hakuna wodi inayoihesabu kwa haraka hivyo. Na usisahau: yeyote aliyezaliwa kabla ya mwisho wa 2001 hakuipata chanjo ile utotoni. Hao ndio wazazi wa leo, waalimu wa leo, madereva wa leo, na mimi ni mmoja wao. Chanjo iliwakinga wadogo zetu. Sisi wakubwa tumeachiwa bahati.

Niwe mwadilifu: data ya utafiti ni ya utafiti. Watu walikubali kuhesabiwa kwa masharti, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sisemi mtu achukue hifadhidata ya watafiti aigeuze kuwa ya kliniki. Isitoshe, watafiti hao hawajaisahau homa ya ini B. Mwaka 2023 baadhi yao walishiriki kukusanya pamoja na kuchapisha tafiti zilizotawanyika kuhusu ugonjwa huu nchini Kenya. Ninachosema ni kwamba hoja ya "huku kwetu haiwezekani kumfuatilia kila mtu" imekufa. Imewezekana, kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa watu wa vijiji hivi hivi.

Hoja nyingine ni kwamba matibabu ni ghali na yanahitaji mabingwa. Hapo zamani palikuwa na ukweli fulani. Leo tuiangalie.

Dawa kuu ya homa ya ini B inaitwa tenofoviri. Haikifuti kirusi kabisa. Hukilaza, na ini linapata nafasi ya kupona. Ni kidonge kimoja kwa siku. Na nchini Kenya dawa hii si ngeni hata kidogo: imo ndani ya kidonge cha mchanganyiko wanachomeza kila siku watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nenda kwenye dirisha la dawa la kliniki ya CCC katika hospitali yoyote kubwa ya kaunti, tenofoviri imo mle. Mtu mwenye virusi vyote viwili, vya Ukimwi na vya homa ya ini B, anatibiwa yote mawili kwa kidonge hicho kimoja, bila kulipa. Jirani yake mwenye homa ya ini B peke yake anaambiwa aende duka la dawa na pesa yake, kama ataambiwa chochote. Ini ni lile lile, molekuli ni ile ile, tofauti ni fungu la fedha.

Simaanishi tuchukue dawa za wenye virusi vya Ukimwi tuwagawie wengine. Huo ungekuwa wizi, na mwenye homa ya ini B peke yake anahitaji tenofoviri bila ule mchanganyiko. (Na kabla ya kupewa tenofoviri peke yake lazima apimwe Ukimwi, ili asije akaujengea usugu bila kujua.) Ninasema kaunti inunue yake. Ripoti ile ile ya WHO inataja bei ya dunia ya tenofoviri isiyo ya jina la kampuni kuwa dola 2.4 kwa mwezi. Ukihesabu dola kwa shilingi 130, ni shilingi 312. Ripoti inasema pia kwamba kati ya nchi 26 zilizotoa taarifa, ni 7 tu zilizonunua kwa bei hiyo au chini yake. Maana yake dawa ni rahisi, ununuzi wetu ndio ghali. Anayenunua vidonge vya watu mia tano kwa pamoja hupata bei. Anayenunua pakiti moja dukani Malindi hapati. Na ili ujue ununue vya watu wangapi, unahitaji nini? Daftari!

Tuje kwenye mabingwa. Mwongozo wa WHO wa Machi 2024 ulirahisisha mambo kwa makusudi. Zamani uamuzi wa kuanza dawa ulitegemea sana kupima wingi wa virusi, kipimo cha bei kubwa. Sasa mtu mzima au kijana kuanzia miaka 12 anaweza kuanzishiwa dawa kwa njia kadhaa, na mojawapo ni hesabu inayoitwa APRI. Inataka vitu viwili ambavyo maabara ya hospitali ya kawaida hupima: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, na idadi ya platileti, zile chembe za kugandisha damu. Hesabu yenyewe hii hapa:

apri = (ast / ast_kikomo_cha_kawaida) * 100 / platileti

Mstari mmoja. Mtu ana AST 24, kikomo cha maabara ni 40, platileti 250: jibu ni 0.24. Huyu, kama hana sababu nyingine, anaweza kusubiri na kurudi kupimwa. Mwingine ana AST 48, kikomo 40, platileti 160: jibu ni 0.75. Imezidi 0.5, na kwa mwongozo huo anastahili dawa. Sababu nyingine zinazotosha ni kama kuwa na virusi vya Ukimwi pia, kisukari, au kuwa na ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani ya ini. Kwa mjamzito, mwongozo unaruhusu tenofoviri kukinga mtoto hata pale ambapo vipimo vya wingi wa virusi havipatikani kabisa. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari au tabibu, si wa kompyuta. Lakini msituambie tena kwamba bila mashine ya mamilioni hakuna kinachofanyika.

Sasa nigeukie kwetu, waandika programu. Nimekaa kwenye hakathoni za afya hapa pwani, sitaji za nani. Kila mara ni wimbo mmoja: programu ya simu ya "kuhamasisha jamii". Ina rangi nzuri, ina picha ya ini, ina kitufe cha "jifunze zaidi". Majaji wanapiga makofi, picha zinapigwa, hundi kubwa ya kadibodi inainuliwa juu. Baada ya miezi sita jina la tovuti limekwisha muda na hakuna aliyelilipia. Nauliza: kumhamasisha mtu aende kupimwa mahali ambapo jibu lake litapotea, tumemsaidia nini? Tumemwongezea hofu tu.

Daftari halina mvuto. Halishindi tuzo. Lakini tazameni yaliyofanya kazi Afrika Mashariki. Kliniki za Eldoret mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidiwa na wagonjwa wa Ukimwi, na kutokana na kazi ile ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo leo inatumika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR unaotumika kwenye kliniki za Ukimwi nchini umejengwa juu yake. Msingi wake ni nini? Mgonjwa ana safu yake, na safu ina tarehe ya kurudi. Basi. Kuongeza fomu ya homa ya ini B katika mfumo kama huo ni kazi ya wiki, na msimbo uko wazi kwa yeyote.

Au chukueni ujumbe mfupi. Kati ya 2007 na 2009 kulifanyika jaribio nchini Kenya na watu 538 walioanza dawa za Ukimwi. Nusu walitumiwa SMS moja kila wiki yenye neno moja: "Mambo?" Wao hujibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa vizuri walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Hakuna picha, hakuna intaneti, kabambe inatosha. Siri yake haikuwa SMS. Siri yake ilikuwa orodha ya namba za simu na muuguzi mwenye jukumu la kuipitia.

Na leo tuna zaidi ya hapo. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa simu zenye mfumo wa kuandikia kaya. Mhudumu wa Marafa au Chakama tayari anabisha hodi milangoni. Mpe orodha ya watatu ambao tarehe yao imepita, bila kuandika ugonjwa kwenye ujumbe: "Tafadhali mkumbushe huyu arudi kliniki." Aibu ya ugonjwa ni kitu halisi, na hapa mitaa ni midogo. Lakini faragha hulindwa kwa kuandika vizuri na kufunga kabati. Kutoandika kabisa si faragha, ni kutelekeza.

Kuna jambo moja bado. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kliniki nyingi za Ukimwi Kenya zikatikisika ndani ya wiki moja. Tujifunze. Daftari la homa ya ini B lisiwe la mradi, lisikae kwenye seva ya mradi, lisilipiwe na mradi. Afya imekuwa kazi ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Daftari liwe la kaunti, na mishahara ya wanaolitunza iwe kwenye bajeti ya kaunti.

Madai yangu kwa hiyo ni machache. Moja, jibu la homa ya ini B lenye alama ya kuwa na virusi lisitoke maabara yoyote ya kaunti, wala kituo cha damu, wala kituo cha vipimo vya wasafiri, bila mtu kuandikwa au kupewa rufaa yenye tarehe. Mbili, kila Jumatatu mtu mmoja Kilifi na mtu mmoja Malindi achapishe orodha ya waliopitisha tarehe na kuwatafuta. Tatu, bajeti ya kaunti iwe na mstari wa tenofoviri, unaosomeka. Nne, chanjo ya siku ya kuzaliwa. Ratiba tuliyoanza nayo 2001 ilianzia wiki ya 6, ilhali WHO imependekeza tangu 2009 kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Basi kila wodi ya wazazi iulizwe imempa nani, lini. Tano, watu wa nyumba ya kila aliyeandikwa wapimwe, na wasio na kirusi wachanjwe.

Nawe msomaji, kama umezaliwa kabla ya mwisho wa 2001, nenda kapimwe. Ukikutwa nayo, usitupe karatasi. Andika tarehe, AST na platileti mahali ambapo hazitapotea, uliza siku ya kurudi, na kama umeanzishiwa dawa usiiache ghafla bila daktari, kwa maana ini linaweza kuwaka upya. Waandika programu wa Malindi na Kilifi mnaojua OpenMRS, niandikieni. Natafuta watu wanne, hatutakuwa na rangi nzuri wala hundi ya kadibodi. Tutaanza na fomu moja yenye sehemu kumi, na ya kumi itakuwa tarehe ya kurudi.